Yah: Ombi la Kusitisha Maarifa Mapya Mpaka Nitakapostaafu

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi (jina nimelihifadhi),
Bujonde, Kyela.
14 Mei, 2025.

Kumb. Na. WATSAPU/01 (jalada jipya)

Kwa Ndugu Bryson,
Msimamizi wa Kundi la Watsapu la Walimu "Chaki Haiishi",
Popote ulipo.

Ndugu Msimamizi,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya njema na chaji ya kutosha. Sisi huku Bujonde hatujambo. Mvua haijakoma, mpunga umeanza kuinamisha vichwa, na kichwa cha habari hapo juu ndicho kilichonikalisha mezani.

Naitwa Mwalimu Amon Mwakalukwa, Mwalimu Mkuu, umri miaka hamsini na tisa, kazini miaka thelathini na mmoja. Nitastaafu kwa mujibu wa sheria tarehe 8 Desemba mwaka huu. Hatujawahi kuonana. Hata hivyo sura yangu unaifahamu, na jambo hilo nitalieleza kwenye lalamiko la tatu.

Barua hii nimeiandika kwa kalamu, nakala tatu: moja ya jalada, moja yako, na moja ya akiba endapo mchwa watatangulia kuisoma. Kwa kuwa mimi si mwanakundi, nimemwomba Mwalimu Georgina aipige picha na kukutumia bila kuisoma. Natambua kwamba Mwalimu Georgina ndiye mlalamikiwa. Lakini ndiye mwenye simu nzuri, na ameahidi hatasoma zaidi ya kuhakikisha kwamba herufi zinaonekana.

Kwanza nieleze chimbuko. Mwalimu Georgina aliletwa kwetu kutoka Rombo miaka miwili iliyopita akiwa na begi moja, mto wa kulalia na cheti ambacho bado kilikuwa kinanukia wino. Nikampa darasa la tatu lenye watoto tisini na wanne na vitabu sita vya kusomea. Sikumpa kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilipoanza nilipewa hivyo hivyo, na aliyenipa naye alipewa hivyo hivyo. Muhula ule wa kwanza nilimwona mara mbili akitoka darasani na kwenda kusimama nyuma ya tangi la maji, akitazama ukuta. Zaidi ya nusu ya watoto walikuwa hawajui kusoma. Nikamwita nikamshauri kama nilivyoshauriwa zamani: "Anza na ukimya, mwanangu. Darasa likinyamaza, elimu itaingia yenyewe." Alinyamazisha darasa wiki nzima. Elimu haikuingia, lakini naomba ifahamike kwamba ukimya wenyewe ulikuwa mzuri sana.

Ndipo siku moja wakati wa chai akaandika shida yake yote kundini kwenu, bila kupitia ngazi yoyote. Hakuniandikia mimi, aliwaandikia watu mia nane na kumi na mmoja asiowajua. Kabla chai haijapoa majibu yalikuwa yameshafika kutoka Newala, Ukerewe, Kigoma na mahali panapoitwa Mbulu. Mimi niliandika barua ya kuomba madawati mwaka 2011, na jibu bado nalisubiri kwa adabu. Ndugu Msimamizi, mazoea ya kujibiwa upesi huharibu utumishi. Na haya ndiyo yaliyofuata.

1. Vizibo.

Mwalimu wa Newala alimwelekeza akusanye vizibo vya soda, aandike silabi moja juu ya kila kizibo, kisha watoto wavipange mpaka neno litokee. Hakuuliza kama soda zipo. Huku kwetu soda ni ya harusi na ya mgonjwa. Vizibo vingi viko nyuma ya grosari, na si vya soda.

Mzee Zebedayo ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hajaonja pombe tangu apate kipaimara. Mjukuu wake alikuwa darasa la tatu, akamwomba vizibo ishirini. Basi mzee akaenda nyuma ya grosari Jumapili asubuhi kabla ya ibada, saa ambayo alijua hapana mtu, akajaza mifuko yote miwili ya koti. Alipopiga magoti kuomba, vizibo vikamwagika kwenye sakafu ya saruji, na kimoja kikabingirika taratibu katikati ya viti mpaka miguuni kwa mchungaji. Mchungaji akakiokota, akakitazama, akamtazama mzee.

"Ni vya kusomea," akasema Mzee Zebedayo.

Sauti moja ya kiume ikajibu kutoka viti vya nyuma: "Hata mimi huwa navisomea hivyo hivyo."

Ibada ilisimama dakika saba. Mchungaji mwenyewe alilazimika kugeukia madhabahu, na mabega yake yalionekana yakitikisika. Jumapili iliyofuata alitangaza kwamba yeyote mwenye vizibo aviache kwenye kikapu mlangoni, na kikapu kikajaa. Tumejifunza kuhusu waumini wetu zaidi ya tulivyohitaji kujua.

Ni kweli kwamba kufikia mwezi wa tisa watoto sabini na wanane kati ya wale tisini na wanne walikuwa wanasoma. Naliandika hilo kwa sababu mimi ni mtu wa haki. Lakini silo ninalolalamikia.

2. Mahudhurio.

Upangaji wetu wa madawati, tangu enzi, umezingatia utoro. Watoto tisini na wanne wakiandikishwa, sitini huja, na sitini hutosha. Mvua kubwa ikinyesha huja thelathini, na mwalimu hupumzisha koo. Ndivyo shule inavyopumua.

Sasa darasa la tatu, ambao mwaka huu nao ni tisini na wanne, wanakuja wote. Mwezi wa tatu mto ulipofurika na njia ya chini ikajaa maji, nilikaa ofisini nikiwa na uhakika wa siku tulivu. Saa moja na nusu nikawaona wakija kwa njia ya juu, mstari mmoja, viatu mkononi, wengine wamejifunika majani ya migomba. Nilihesabu wote. Nilimuuliza wa kwanza kwa nini hakubaki nyumbani kama raia wengine. Akasema, "Leo kundi letu ndilo linalofundisha, Mwalimu Mkuu." Mtoto wa miaka tisa, maji yanamtiririka puani, anafundisha.

Walikaa wanne wanne kwenye dawati la watatu, na waliobaki wakakaa sakafuni. Natoa taarifa kwamba daftari la mahudhurio lina safu maalumu ya kuandika "hayupo", na safu hiyo sasa ni nyeupe, hali ambayo mkaguzi yeyote mwenye akili ataitilia shaka.

3. Stika.

Mwezi wa pili Mwalimu Georgina alirekodi kipindi chake ili wenzake kundini wamwambie alipokosea. Mtu mzima anaomba aambiwe alipokosea: hilo peke yake lingetosha kuwa lalamiko. Ila wakati anarekodi, watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba kwa makofi, na mimi nikapita dirishani, nikaingiza kichwa, nikainua kiganja, nikasema neno moja.

Mwanakundi wenu wa Tunduru alinikata kutoka dirishani. Akaondoa dirisha, akaondoa shule, akaniacha mimi na kiganja changu, akaandika chini kwa herufi nyekundu: KIMYA. Kifungo cha pili cha shati langu kilikuwa hakijafungwa.

Siku nne baadaye binti yangu Neema, ambaye ni muuguzi Mbeya, alinipigia. "Baba," aliniuliza, "umefikaje kwenye kundi letu la wauguzi?"

Nilimwita Mwalimu Georgina ofisini. Alikuja akiwa ameuma midomo. Akanieleza kwamba hakuna anayenidhihaki. Alisema walimu wakianza kugombana kundini, mmoja hunituma mimi, na wote hutulia. Akanionyesha ushahidi. Walimu wa Kondoa na wa Tukuyu walikuwa wamezozana tangu asubuhi kuhusu namna ya kufundisha kutoa kwa kukopa, maneno yalishaanza kuwa makali, kisha nikatokea mimi. Baada yangu kuna mtu aliandika, "Samahani, Mkuu." Mwingine akaandika, "Tumekusikia, Mkuu."

Kwa hiyo natuliza mikoa ambayo sijawahi kufika, bila barua ya uteuzi. Sikatai kwamba usiku ule nililala vizuri. Lakini utaratibu ni utaratibu.

4. Kabati.

Baada ya hapo nilipiga marufuku simu saa za kazi. Kila mwalimu alitakiwa kuikabidhi asubuhi, nami nikazifungia kwenye kabati la ofisi pamoja na chaki na mpira. Mwalimu Georgina alikabidhi ya kwake kama wengine. Ila niligundua kwamba alipita tena nyuma ya tangi la maji, na jambo hilo sikulipenda.

Siku ya tatu mzazi mmoja, Mama Jubilate, alikuja ofisini kuulizia uhamisho wa mwanawe. Wiki ile mama huyu alikuwa amepotelewa na jogoo, na kijiji kizima kilikuwa na habari. Mlio wa simu ya Mwalimu Georgina ni jogoo.

Kabati likawika. Mama Jubilate akageukia kabati katikati ya sentensi.

"Mwalimu, nimemsikia," akasema.

"Hiyo ni simu, mama."

"Mimi nimemlea tangu yai. Sauti yake naijua."

Likawika tena. Mama alisimama, akaweka kikapu chini, akaanza kumwita jogoo kwa jina. Kwa heshima ya ofisi nilifungua kabati mbele yake. Alikagua mpaka nyuma ya chaki. Alipotoka alikuwa hajaridhika, na nimesikia kwamba yapo mazungumzo mtoni kuhusu Mwalimu Mkuu na kuku wa watu. Jioni ile nikarudisha simu zote. Marufuku yangu ilidumu siku tatu, na naiweka kwenye kumbukumbu kwamba iliangushwa na kuku ambaye hakuwepo.

5. Mgomba.

Ndugu Msimamizi, hapa naomba ukae.

Ninalo daftari langu jeusi la nukuu za Sayansi, nililoliandika mwaka 1994 nilipoanza kazi. Nimefundishia daftari hilo miaka yote. Mwalimu Georgina alipoishiwa kitabu nilimwazima, na siwaazimi watu ovyo. Ukurasa wa nne unasema: "Mgomba ni mti unaozaa ndizi." Akawasomea watoto.

Binti mmoja aitwaye Kisa akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama ni mti, mbao zake ziko wapi?"

Mwalimu Georgina angeweza kusema "kaa chini", maneno ambayo hayahitaji bando. Badala yake alisema, "Sijui. Tutachunguza." Akalileta swali kundini, na nyinyi mkaligombania siku mbili. Mwalimu mmoja wa Bukoba, ambako migomba wanaijua kama sisi tunavyoijua, alimaliza ubishi kwa maneno mawili: "Kateni muone."

Migomba iliyo karibu na darasa la tatu ni ya kwangu.

Jumanne ya tarehe 29 Aprili nilikuwa Kyela mjini kwenye kikao. Niliporudi, bajaji iliniacha barabarani, na kutoka pale nikasikia kelele zinatoka uani kwangu. Nikakuta watoto tisini na wanne, Mwalimu Georgina, na mke wangu Marta akiwa ameshika panga. Kati ya migomba kumi na miwili walikuwa wamechagua ule wenye mkungu, ambao Marta mwenyewe alikuwa ameutenga kwa ajili ya mbalaga, mapishi yetu ya ndizi, ya Jumapili. Walikuwa wameubandua shina lake lote, ganda baada ya ganda, wakayatandaza maganda hayo uani kuanzia mlangoni mpaka chooni. Ubao haukuwepo. Katikati hapakuwa na kitu kigumu hata kidogo. Walikuwa wameandika kwenye karatasi kubwa: "Mgomba si mti. Ni mmea mkubwa. Shina lake ni majani yaliyokumbatiana."

"Nani ameruhusu?" nikauliza.

"Mimi," akasema Marta. "Hata mimi nilikuwa sijui. Sogea uone, Baba Neema."

Ndipo yule Kisa akaja mbele yangu, mikono imejaa utomvu, akapiga goti. "Shikamoo, Mwalimu Mkuu. Baba alisema usikasirike. Alisema yeye alishawahi kukwambia."

"Baba yako ni nani?"

"Anyitike."

Nilimkumbuka palepale, na nilitamani nisingemkumbuka. Mwaka 1999, darasa la nne, shule hii hii. Nilikuwa nimeuliza mgomba ni nini, na mvulana mwembamba akasema, "Si mti, Mwalimu. Ni jani kubwa." Wenzake walicheka. Nikamchapa viboko viwili kwa kupotosha darasa, nikamtaka arudie mara kumi kwa sauti kwamba mgomba ni mti. Alirudia.

Siku iliyofuata, baada ya kipindi cha mwisho, nilitembea mpaka shambani kwake. Nilijiambia naenda kumwonya kuhusu mtoto. Nilimkuta ameketi juu ya gogo anapasua kakao, mtu mzima sasa, ana mvi mbili tatu. Alisimama haraka, akafuta panga, akalificha nyuma yake kama vile ameshikwa na kosa.

"Mugonile, Mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kuhusu Kisa."

"Amefanya nini?"

"Ameuliza swali."

"Swali gani?"

Nikasema, "Lile lako."

Anyitike akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniwekea gunia juu ya gogo ili nikae. Alinipa kipande cha kakao nifyonze, nikafyonza, maana sikujua nifanye nini na mdomo wangu.

"Mwalimu," akasema baadaye, "ile fimbo sikumbuki hata ilinipiga wapi. Ninachokumbuka ni kwamba tangu siku ile sikunyoosha mkono tena. Nimemaliza darasa la saba mikono iko mezani. Juzi Kisa aliponiambia ameuliza, nilimuuliza mara tatu: na Mwalimu akasemaje? Akasema, Mwalimu alisema hajui. Sikuamini kama kuna mwalimu anasema hivyo."

Sasa angalia ulichonifanyia, Ndugu Bryson. Mimi, mtumishi mwandamizi, nimesimama kwenye shamba la kakao la mtu, viatu vyangu vya kikao vimezama kwenye majani, nikamwomba radhi mwanafunzi wangu. Bila taarifa ya maandishi. Bila siku saba za kujiandaa. Anyitike alinishika mkono kwa mikono miwili. Akasema tu, "Ndaga fijo, Mwalimu," yaani asante sana, na mimi ndiye niliyepaswa kusema hivyo.

Na kwa kuwa jambo lililofanyika mbele ya darasa haliwezi kumalizwa shambani, Ijumaa baada ya Mei Mosi nilisimama kwenye paredi, mbele ya shule nzima. Nilisema kwamba mwaka 1999 mwanafunzi aitwaye Anyitike alijibu swali kwa usahihi, na Mwalimu Amon alikosea. Nilisema ni vyema wajue. Anyitike alikuwa amesimama nje ya uzio na baiskeli yake yenye gunia la kakao. Nilipomaliza, alinyoosha mkono wa kulia juu, hivi, kama mtoto anayeomba kujibu. Akaushikilia hapo muda mrefu. Kisa alimwona, naye akanyoosha wa kwake. Nikawaruhusu watoto waingie madarasani mapema kidogo, kwa sababu vumbi liliniingia machoni, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Hili ndilo kiini cha malalamiko yangu. Nimepiga hesabu. Kwa miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watu wasiopungua elfu moja na mia tisa kwamba mgomba ni mti. Wametawanyika. Wapo waliofika Dar es Salaam, wapo waliovuka kwenda Malawi, mmoja nasikia ni fundi seremala. Siwezi kutembea kwa wote. Na daftari langu lina kurasa tisini na sita. Mgomba ulikuwa ukurasa wa nne tu. Nimeliweka juu ya kabati la nguo na sijathubutu kufungua ukurasa wa tano.

6. Nyumbani kwangu.

Hili ni fupi. Walimu wa kundi lenu wana tabia ya kutazamana wakifundisha na kuambiana mambo mawili mazuri na moja la kuboresha. Mwalimu Georgina alimsimulia Marta. Tangu siku hiyo nikimaliza kula, nikimaliza kusali, hata nikimaliza kutengeneza paa la banda, Marta hukaa kitako na kusema, "Mazuri mawili, Baba Neema." Nimeoa miaka thelathini na miwili iliyopita, na kwa miaka hiyo yote nilidhani sina la kuboresha kwenye kukoroma.

MAOMBI

Kwa kuzingatia maelezo hayo, naomba kwa unyenyekevu mkubwa:

(a) Kundi lako lisitishe maarifa yote mapya kuanzia utakapopokea barua hii hadi tarehe 8 Desemba, saa tisa na nusu alasiri, nitakapokabidhi ofisi. Baada ya saa hiyo mnaweza kujua chochote mnachotaka.

(b) Endapo maarifa yatajitokeza kwa bahati mbaya, yapitie ngazi: mwalimu amwandikie Mwalimu Mkuu, Mwalimu Mkuu ayahifadhi.

(c) Mgomba utambuliwe kuwa mti wa muda, kwa eneo la Bujonde pekee, hadi tarehe iliyotajwa. Mwalimu wa Bukoba ajulishwe kwa upole.

(d) Neno "sijui" lisitumiwe na mwalimu aliye chini ya miaka hamsini. Wakilizoea mapema watafikia kustaafu wakiwa hawaogopi kitu, na hilo halijawahi kutokea katika utumishi.

(e) Kuhusu stika, kama haiwezekani kuiondoa, basi itengenezwe nyingine ambayo nimefunga kifungo.

Natambua kwamba maombi haya ni mazito. Lakini mtu akibakiza miezi saba huwa anaomba kitu kimoja tu, kwamba alichokijenga kisimame mpaka atoke mlangoni.

Nisalimie walimu wote wa Newala, Ukerewe, Kigoma na Mbulu. Msalimie wa Tunduru pia, ingawa ninamfikiria. Marta anawasalimu. Mzee Zebedayo anawasalimu na anasema vizibo bado vipo kama kuna shule yenye upungufu. Watoto wa darasa la tatu wanawasalimu kwa kelele.

Wako katika ujenzi wa Taifa, hadi tarehe 8 Desemba,

Amon Mwakalukwa,
Mwalimu Mkuu.

N.B. Leo ni Jumatatu tarehe 19. Barua hii haikutumwa siku ile kwa sababu Mwalimu Georgina alishikwa na malaria Alhamisi, na daktari amempa siku tano za kupumzika. Anaendelea vizuri na amekunywa uji. Jana Marta na mimi tulikwenda kumjulia hali, na akiwa kitandani aliniunganisha kundini kwenye simu ya Neema ya zamani. Mimi ndiye namba ngeni isiyo na picha. Barua nimeipiga picha mwenyewe, ndiyo maana kidole gumba changu kimefunika lalamiko la pili. Unaweza kuliruka. Unaweza pia kuyaruka mengine yote mpaka hapa.

Kwa kuwa hapana mwalimu mwingine, darasa la tatu ninalifundisha mimi. Leo tumesoma habari za viumbe wa majini. Nilikuwa naandika ubaoni, nikageuka, nikakuta mikono thelathini iko juu, nikamchagua mtoto aliye karibu na mlango. Akaniuliza swali. Nilifungua mdomo kumjibu kama nilivyozoea, nikakuta hamna kitu. Nikasema, "Sijui." Nilisubiri waanze kucheka. Hakuna aliyecheka. Mtoto akasema tu, "Basi uliza kundini, Mwalimu, utuambie kesho," wakarudi kwenye madaftari yao.

Kwa hiyo naomba msaada wenu, na kama kuna mwalimu aliye karibu na maji yoyote, aende akatazame. Swali ni hili: mbasa, yule samaki wa ziwani kwetu, hulala? Na kama hulala, ilhali hana kope, wenzake hujuaje kwamba wasimwamshe? Naomba jibu kabla ya saa mbili asubuhi, maana kipindi cha kwanza ni changu.